Fundi wa Resori Aliyelala Nyuma ya Pikapu

Kila gari lililotoka mikononi mwake alilijaribu akiwa amelala chali. Mwenye gari alishika usukani, na yeye akapanda nyuma, akatandika gunia juu ya bati, akalala na kufumba macho. Mkononi alishika spana nzito. Kila aliporushwa aligonga bati mara moja, ngo! Dereva alitakiwa kuhesabu. Walipofika mwisho wa lami na kurudi, fundi alishuka, akajipangusa vumbi, akauliza, "Ngapi?" Dereva akijibu kumi na mbili, gari lilirudi juu ya mawe na kufunguliwa upya. Akijibu mbili au tatu, fundi alikunja uso kama mtu aliyepewa salamu za shemeji asiyempenda, akasema, "Bon. Mbili iko ya barabara. Ile ingine iko yangu."

Nilimfahamu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kubishana naye. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Cibitoke, Bujumbura, nyumba mbili kutoka kwetu, chini ya mabati yaliyoshikiliwa na nguzo za mikaratusi. Yeye mwenyewe aliishi mtaa wa Buyenzi, kwa Waislamu wenzake, na kila asubuhi alikuja kwa miguu. Asubuhi ambazo barabara ilifungwa kwa sababu ya risasi, alizunguka njia ndefu, akafika jua limekwisha kuwa kali, na kabla ya kutusalimu sisi majirani alipapasa boneti la gari lililokuwa likimngoja, akasema, "Pole, nimekuchelewesha."

Kazi yake ilikuwa resori. Ni yale mabamba ya chuma yaliyopinda, yanayopangwa moja juu ya jingine chini ya gari ili kubeba mzigo. Pikapu za kupanda milimani hufungwa mabamba mengi na mazito, ili zipite kwenye mawe na matope zikiwa zimejaa simenti au kahawa. Lakini pikapu ya namna hiyo ikiteremka kwenye lami ikiwa tupu, huruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Mwendo ukizidi, aliye ndani huuma ulimi. Watu walimletea pikapu hizo za porini, naye akazifundisha adabu ya barabara kuu.

Nilikuwa nasoma fizikia chuo kikuu, katika vipindi ambavyo masomo yalikuwepo. Yaliposimama, na yalisimama mara nyingi, nilikuwa na muda mwingi na maswali mengi kuliko muda. Swali langu la kwanza kwake lilikuwa la dharau. Watu wanakimbia nyumba zao, nikamwambia, vilima vyote vinanguruma, na wewe unahangaika ili mtu asitikisike barabarani. Nani anatafuta starehe vitani?

Hakuacha kupiga nyundo.

"Vita itaisha," alisema. "Mugongo unabaki."

Nilidhani ni methali ya kujikinga, ya aina ambayo wazee huitoa mfukoni wanapokosa jibu. Niliandika hivyo kwenye daftari langu. Nilikuwa na daftari la kuandika mambo ambayo watu walisema bila ushahidi, na fundi wa resori alijaza kurasa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Aliniita Mama Hesabu. Sikuwa na mtoto wala mume, na nilimkumbusha hivyo.

"Utazaa hesabu," alijibu. "Zitakusumbua kama watoto."

*

Kuna kisa kimoja ambacho Cibitoke nzima ilikijua. Miaka ile njia ya majaribio ilikuwa fupi, kwa sababu kupita ukingo wa mtaa jirani wa Carama kulikuwa na kizuizi cha askari, na mbele yake hakuna aliyekwenda bila sababu. Siku moja fundi alikuwa nyuma ya pikapu ya muuza mbao, amelala kama kawaida yake, macho yamefungwa, spana kifuani. Kizuizini walikuwa wamebadilisha askari. Yule mgeni akachungulia nyuma, akaona mzee amelala kimya, mikono imekunjwa juu ya kifua, midomo haichezi. Akavua kofia.

"Huyu muzee amefia wapi?" akamuuliza dereva kwa upole.

"Bado," akajibu fundi bila kufumbua macho. "Geuza gari, patroni. Tumefika saba."

Askari yule, wanasema, aliruka nyuma hadi akamkanyaga mwenzake. Tangu siku hiyo, pikapu ikifika kizuizini na mtu amelala nyuma, askari walipiga kelele, "Marehemu wa leo ni ngapi?" na fundi akawatajia idadi.

Nilimuuliza kwa nini lazima alale. Kwa nini asikae mbele, akasikilize kama mafundi wengine?

"Mbele kuko kiti," alisema. "Kiti kinadanganya. Dereva pia anadanganya, maana anaona shimo na anajiandaa. Mutu wa nyuma haoni kitu. Ukitaka kujua gari, uliza wa nyuma."

"Ungeweza kupima kwa chombo."

"Panda ulale, Mama Hesabu. We iko chombo."

Nilikataa. Nilikuwa na blauzi nyeupe siku hiyo, na siku nyingine nilikuwa na sababu nyingine. Kila mara aliniambia panda ulale, na kila mara niliona ni ushamba. Mtu aliyesoma hahitaji kulala juu ya bati ili ajue chuma kinavyopinda.

*

Alikuwa mtu wa dini asiyechanganya dini na chuma. Adhana ikisikika alinawa mafuta mikononi kwa mchanga na sabuni, akaswali kwenye kona yake, akarudi. Lakini mteja akimuuliza, "Fundi, hii itashika?" na yeye mwenyewe akaongeza "Inshallah" kwa heshima, fundi alikasirika, akamwonyesha bolti.

"Mvua, sema inshallah. Safari, sema inshallah. Bulo apana. Bulo inakazwa."

Pia hakuwahi kuuliza mteja anatoka kilima gani, yaani ni wa kabila gani, swali ambalo mjini mwetu wakati ule lilikuwa mdomoni mwa kila mtu hata pale ambapo halikutamkwa. Nilimchunguza makusudi, nikingoja aulize. Alichouliza ni kimoja: "Gari inabeba nini?" Akijibiwa simenti, aliuliza mifuko mingapi. Akijibiwa watu, aliuliza wanakaa wapi, wanaangalia wapi, na nani anakaa juu ya magurudumu.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa na ulimi mkali kuliko nyundo yake. Alimfukuza dereva mmoja mbele ya mke wake kwa sababu alijaza upepo tairi mpaka zikalia kama ngoma. "We unaendesha mawe!" alimfokea. Alitengeneza ulaini wa safari za watu, na yeye mwenyewe alikaa juu ya benchi la ubao lenye msumari uliochomoza, msumari ambao hakuupiga kichwa kwa miaka yote niliyomjua. Na hakuwahi kuendesha gari. Hakuwa na leseni, hakuitaka. Gari likitakiwa kusogezwa hatua tatu, alimwita mtu.

Na alikosea, tena kwa kujiamini. Wakati wa embargo, nchi jirani zilipofunga biashara nasi na mafuta ya mashine yakaadimika, aliamua kupaka mabamba mawese. Nilimwambia mawese yatakauka na kushika vumbi. Aliniambia mawese yamelainisha Burundi nzima tangu mababu, yatashindwa na chuma? Siku ya pili asubuhi mbwa wa mtaa mzima walikuwa chini ya teksi iliyolala karakanani, wanalamba resori. Mwenye teksi alipofika hakuthubutu kusogea. Fundi aliwafukuza kwa fagio huku akijidai hakuna kilichotokea.

"Angalau wameisafisha," alisema.

Niliandika hiyo kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Mara nyingine nilimshinda kwa kipimo cha upepo. Yeye alipima tairi kwa dole gumba, akibonyeza ubavu wa mpira kama mtu anayechagua parachichi. Nikaazima kipimo, nikapima tairi nne alizokwisha kuzipitisha. Tatu zilikuwa sawa kiasi cha kuniudhi. Ya nne ilikuwa imepungua sana. Alilitazama dole gumba lake kwa muda mrefu.

"Limezeeka," alisema.

Kuanzia siku hiyo alitumia kipimo. Lakini alibonyeza kwanza kwa dole, akataja namba, halafu ndipo akapima, na kama vilipishana alikitazama kipimo kwa mashaka.

*

Sasa nifike kwenye pikapu ya mjomba.

Siku ambayo mabomu yaliangukia mitaa yetu, tulikimbia kuelekea mtaro wa maji. Mama aliruka baada yangu, akaanguka vibaya, akakaa. Mfupa wa mgongo ulikuwa umepasuka. Daktari mjini alimfunga mkanda mgumu, akaandika barua kwa mpasuaji aliyekuwa ng'ambo ya mpaka, kaskazini, akatuambia sentensi moja niliyoibeba kichwani wiki nzima: "Asafiri amelala, na asirushwe." Mfupa ukisogea kidogo tu, miguu ingekufa.

Gari la wagonjwa la kuvuka mpaka halikupatikana. Gari dogo lisingemlaza. Ilibaki pikapu ya mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa akipeleka simenti vilimani. Pikapu ile ilikuwa ndefu juu ya miguu yake kama korongo. Mjomba alijisifia kwamba hakuna tope lililowahi kuishika. Alikuwa ameifunga tairi za meno makubwa na kuongeza mabamba mawili mazito chini ya resori.

Kulikuwa na jambo jingine. Barabara ya kaskazini, inayopanda mlima wa Bugarama, ilipitwa kwa msafara tu, magari yote pamoja, askari mbele na nyuma. Msafara haukutembea polepole. Aliyebaki nyuma alibaki peke yake kwenye kona zile, na tuliwajua watu waliobaki. Kwa hiyo mama hangeweza kupelekwa taratibu. Ilibidi akimbizwe bila kurushwa, ndani ya pikapu iliyotengenezwa kwa kurusha.

Fundi aliizunguka mara mbili. Akaweka mguu kwenye bampa la nyuma, akaruka juu yake kwa uzito wake wote. Pikapu haikuitika hata kidogo.

"Patroni," alimwambia mjomba, "hii si gari. Hii ni meza."

"Hii ni dume, fundi! Inapanda ukuta."

"Dada yako atalala juu ya dume?"

Mjomba akamkabidhi ufunguo.

Kwa siku tatu fundi aliifungua yote. Alitoa tairi za meno, akafunga zilizotumika za barabara, akapunguza upepo. Alitenganisha mabamba, akayakwangua kutu mpaka yakang'aa, kwa sababu, alisema, kutu inayashikanisha yakawa bamba moja nene lisilopinda. Akakata mabidoni ya plastiki ya njano kuwa vipande vyembamba, akavipachika kwenye ncha, kati ya bamba na bamba, ili chuma kiteleze juu ya chuma. Amotiseri, yale mabomba yanayozuia gari lisiendelee kuruka baada ya shimo, alizipima kwa kuzisukuma kwa tumbo lake. Zilikuwa zimekufa zote nne. Akapata nyingine kwenye basi dogo lisilotembea tena.

Yote hayo nilikubali. Tuligombana juu ya mabamba mawili ya ziada. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku na mchana: uzito wa mama, godoro, mimi nikimshika, na petroli. Hesabu ilisema wazi kwamba mabamba yote mawili lazima yatoke. Yeye alitoa moja tu. La pili akalirudisha, akalikaza.

"Litaturusha," nilimwambia. "Angalia, fundi. Namba hazina chuki na wewe."

Aliipokea karatasi yangu kwa mikono miwili, kwa heshima, akaisoma, au alijifanya kusoma.

"Iko muzuri sana," alisema. Kisha akaenda mtoni Ntahangwa na mkokoteni, akarudi na mifuko sita ya mchanga, akaipakia nyuma.

Mjomba alifurahi, alidhani ni kinga ya risasi. Mimi nilitaka kulia. Gari gumu, na dawa yake ni kuliongezea mzigo?

"Likiwa na mzigo resori inakaa, inaanza kupumua," alisema fundi.

"Basi toa bamba na utoe mchanga! Kwa nini kuliacha bamba kisha kulibebea mchanga?"

"Mama Hesabu, hii gari itatoka Bujumbura tupu?"

"Ndiyo. Mjomba ameahidi. Hatapandisha mtu yeyote."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Sikumwona akicheka hivyo tena.

Alilala nyuma, katikati ya mifuko yake, akajaribu mara tano katika siku mbili. Tulianza na tisa. Jaribio la tano mjomba alirudi akasema mbili. Ndipo fundi akaonyesha mahali pa godoro: mbele kabisa, nyuma ya kibanda cha dereva, mbali na magurudumu ya nyuma, kichwa kikielekea mbele. Akampa mama spana yake.

"Mama, ukirushwa, piga. Kaka yako atasikia, atapunguza." Akanigeukia mimi. "We utakaa mbele, dirisha wazi. Kazi yako ni kuhesabu."

*

Tulifika mahali msafara ulipopangwa kabla jua halijatoka vizuri. Fundi alikuwa amefika kabla yetu, kwa miguu, na mkokoteni. Sikuelewa anataka nini.

Kisha watu wakaja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa akienda kumzika baba yake Kayanza. Wanafunzi wawili wa sekondari. Mzee na mkewe. Mfanyabiashara mmoja mnene mwenye mfuko wa vitambaa. Wote walikuwa wamengoja msafara kwa siku kadhaa, na magari yote yalikuwa yamejaa isipokuwa letu, lenye mgonjwa mmoja na mchanga. Mjomba alishika mlango.

"Samahani, ndugu zangu. Kuko mugonjwa."

Mwanamke yule hakuomba. Alisimama tu, akimtazama mama kupitia ubavu wa gari. Na mama, amelala chali, mkanda umembana mpaka kidevuni, akasema, "Wapandishe."

"Mama!" nikasema.

"Nimesema wapandishe. Mi nalala hapa peke yangu kama mufalme, na wao wabaki?"

Hapo ndipo fundi alipanda. Akashika mfuko wa kwanza wa mchanga, akautupa chini. "Mama mwenye mutoto, panda." Akatupa wa pili. "We musomi, panda." Mfuko ulishuka, mtu akapanda. Mzee na mkewe aliwatazama, wote wawili wembamba kama fito, akawahesabu mfuko mmoja. Watu wakaanza kucheka. Mfanyabiashara aliposogea, fundi alimpima kutoka kofia hadi viatu.

"Huyu ni mifuko miwili."

"Mimi?"

"Na vitambaa yako inabaki. Ama we ubaki, vitambaa ipande."

Aliviacha vitambaa, akapanda. Mchanga ulikuwa umeisha. Fundi aligonga ubavu wa pikapu kwa kiganja. "Basi. Imejaa." Alikuja mwingine, kijana mwenye macho mekundu, akasihi kwa jina la Mungu. Fundi alimkatalia akimtazama usoni, kisha akamshika mkono na kwenda naye kumtafutia nafasi gari jingine. Sijui kama waliipata.

Nilikuwa nimesimama na karatasi yangu mfukoni. Kama mabamba yote mawili yangetoka, watu wale wangeilaza pikapu mpaka chuma kipige chuma, na hakuna kinachovunja mgongo kama chuma kupiga chuma. Nilikuwa nimepima kila kitu ndani ya gari lile isipokuwa mama yangu anavyoishi, na watu wa mji wangu wanavyosafiri. Yeye alipakia watu sita wa mchanga siku kadhaa kabla hawajajitokeza, akalala katikati yao.

Tuliondoka. Nilikaa mbele, sikio dirishani. Lami ya mlimani ilikuwa na majeraha, na msafara ulikimbia kama wezi. Pikapu ilizama na kuinuka, ikazama na kuinuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Tulipita Bugarama. Tulipita Kayanza, mwanamke na mtoto wakashuka. Tulifika mpakani. Sikusikia spana ikigonga hata mara moja.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja karakanani.

"Sufuri!" nilimwambia. Nilikuwa tayari kumwomba radhi, kitu ambacho sikuwa nimekizoea. "Fundi, sufuri!"

Aliendelea kukwangua bamba.

"Apana," alisema. "Sufuri haiko. Hata mutu kwenye kitanda yake anageuka."

Nilichukia. Nilidhani ni kiburi cha mtu asiyejua kupokea sifa. Mimi niliyehoji kila kitu sikuihoji sufuri ile, kwa sababu ilikuwa nzuri.

*

Mama alipasuliwa, akakaa huko miezi mingi, akarudi akiwa na fimbo. Ilichukua muda mrefu mwingine kabla hajaweza kutembea nyumba mbili mpaka karakanani. Wakati huo kizuizi cha Carama kilikuwa kimeondolewa, na mawe yake yalikuwa yamesukumwa pembeni, watoto wakiyakalia. Fundi alikuwa amezeeka ghafla. Ukungu ulikuwa umeingia machoni mwake, akayatambua mabamba kwa vidole.

Mama alikuja kumrudishia spana. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa safi, na alikuwa ameandaa maneno ya shukrani. Nilimsikia akiyajaribu njiani. Mjomba alitufuata polepole na pikapu ileile kwa hatua chache zile, kwa heshima.

Fundi hakumpa nafasi ya kushukuru. Alimkalisha kwenye benchi, upande usio na msumari, akasimama mbele yake.

"Mama. Ni wapi haukupiga?"

Nilikaribia kumkosoa. Kisha nikamwona mama. Alinitazama mimi, akamtazama mjomba, akaitazama spana ndani ya kitambaa.

"Baada ya Bugarama," alisema taratibu. "Pale maji ilikula barabara."

"Upande?"

"Nyuma. Kushoto."

"Moja?"

"Moja. Nilizani mugongo umekatika. Nilijaribu vidole vya miguu, nikasikia vinacheza, nikamushukuru Mungu."

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mtu aliyesoma. "Kwa nini hukupiga? Nilikuwa nasikiliza njia nzima."

"Ndiyo maana. Ningepiga, ungemwambia mujomba wako apunguze. Askari wa nyuma walikuwa wanatupigia honi. Tungebaki. Na yule mutoto alikuwa amelala juu ya miguu yangu." Akaifungua spana kitambaani, akampa fundi. "Watu saba, mwanangu. Kwa mugongo moja."

Mjomba aligeuka, akatazama barabara.

Fundi hakutoa pole. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeletewa barua aliyoingoja muda mrefu. "Kushoto nyuma," alisema. "Bamba ya tatu. Sikuipenda tangu mwanzo."

"Fundi," alisema mjomba, "ile safari imeisha."

"Safari imeisha, patroni. Gari iko. Kesho utabeba nani?"

Akachukua gunia lake, akalitandika nyuma ya pikapu. Nilidhani atapanda. Alinigeukia mimi, akaninyoshea spana.

"Macho imechoka, na mugongo pia. Panda ulale, Mama Hesabu. Kabla ya kufungua, nataka kusikia."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona. Sikujua hivyo, lakini safari hii nilipanda. Yeye alikaa mbele karibu na mjomba, mahali ambapo sikuwahi kumwona, mikono juu ya magoti kama mgeni aliyefika ukweni. Mama alibaki kwenye benchi, akatupungia fimbo.

Ukilala nyuma ya pikapu huoni kitu isipokuwa nyaya za umeme na mbingu. Huoni shimo likija. Hujui kona. Mwili wako wote unangoja. Tulipita Carama, tukapita mahali pa kizuizi, tukaendelea kuelekea Gasenyi, mjomba akaongeza mwendo mpaka kufikia ule wa msafara. Pikapu ilizama na kuinuka, ikazama na kuinuka. Nilianza kufikiri kwamba mama alikosea.

Kisha kitu kikanipiga chini ya kiuno, upande wa kushoto, kifupi na kigumu, kama goti. Mkono wangu ulikaza spana. Akilini nilimwona mama siku ile ya msafara, ameikaza hivihivi, amemezwa na mkanda wake, mtoto wa watu miguuni pake, akisikiliza honi za askari.

Nikagonga.

Kutoka dirisha la mbele nikasikia sauti ya fundi, wazi, bila haraka, ikihesabu.

"Moja."